Dakika Arobaini na Moja za Mawingu

Kaka yangu aliuawa na radi mwezi wa Januari, kwenye kiwanja cha mpira cha upande wa Troyeville, Johannesburg. Nimeanza na hilo kwa sababu nikianza mahali pengine nazunguka tu, na daftari linajaa mambo ya shule. Alikuwa na miaka kumi na saba. Mvua ilipoanza, wenzake walikimbilia kwenye ukuta wa vyoo. Yeye alirudi katikati ya kiwanja kuchukua mpira, maana mpira ulikuwa wa kuazima. Walioona wanasema hakupiga hata kelele. Mimi sikuona. Nilikuwa nyumbani Bertrams, nimekaa kitandani kwake na simu yake, nacheza mchezo aliokuwa amenikataza kwa sababu ulimaliza chaji.

Lakini siku ninayotaka kuiandika si hiyo. Ni Jumamosi moja ya mwaka uliofuata, 2018, siku moja kabla ya kuondoa matanga, ambapo baba alinichukua mimi na simu ile ile tukaenda nje ya mji kuitafuta radi.

Nikimwambia mtu hivyo ananicheka. Kuna Wazungu hapa Johannesburg wanaofanya hivyo kujifurahisha. Wanapanda magari, wanaifukuza mvua ya radi huko uwandani, wanapiga picha, wanarudi kunywa bia. Baba hakuwa anajifurahisha. Alikuwa anatafuta ushahidi.

Sisi tumetoka Uvira, Kongo, penye ziwa. Nilikuja huku nikiwa mdogo sana, lakini mambo ya kwetu yamekuja na sisi ndani ya mizigo. Kwetu radi ziko mbili. Kuna ya mvua, ambayo inapiga mti au mlima na kwenda zake. Na kuna ya kutumwa, ambayo inachagua mtu katikati ya watu. Kiwanjani walikuwa vijana wengi, ikamchukua yeye peke yake. Kwa mama hilo lilitosha. Lililobaki lilikuwa kujua nani ametuma.

Wiki ya pili baada ya mazishi, mama mmoja wa maombi wa kanisa letu alikuja nyumbani. Tulikaa chini kwenye mikeka, majirani na watu wa kwetu, chumba kimejaa hadi mlangoni. Akauliza, "Siku ile, ni neno gani lilitamkwa ndani ya nyumba hii?"

Mimi ni mtu ambaye darasani nikijua jibu nainamisha kichwa ili mwalimu asinione. Sijui siku ile nilipata wapi mdomo. Nikasema, "Shangazi alimwambia, radi ikupige."

Na ni kweli alisema. Shangazi ni dada mdogo wa baba, msusi, alikuwa anaishi nasi na kufanya kazi saluni moja huko Bellevue. Asubuhi ile jikoni alimwomba kaka ambebee mfuko wa nywele za kusukia hadi kazini. Kaka akasema mgongo unamuuma. Shangazi, kitana kikiwa mdomoni, akasema, "Radi ikupige, mvivu wewe!" Kaka akajibu, "Inipige polepole basi, shangazi, mgongo si unauma?" Wakacheka wote wawili. Shangazi alicheka mpaka kitana kikaanguka kwenye sinki. Kisha kaka akauchukua mfuko akaubeba, kwa sababu ndivyo alivyokuwa, anakataa halafu anafanya.

Mimi nilisema maneno, kicheko nikakiacha. Wala sikusema alivyobeba mfuko. Nataka niandike ukweli kwa nini, kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu wa nyumbani. Chumba kizima kiligeuka kunitazama. Mama wa maombi aliniambia, "Endelea, binti yangu." Hakuna mtu aliyewahi kuniambia niendelee. Niliogopa kwamba nikisema walicheka, watageuza vichwa tena, na mimi nitabaki yule yule wa pembeni. Basi nikasema, "Ni hilo tu."

Hakuna aliyemfukuza shangazi kwa mdomo. Mama alianza kulala na kiti kimeegeshwa mlangoni, na asubuhi alikuwa anakiondoa kwa kelele ili shangazi asikie. Mwisho wa mwezi shangazi alipanga chumba Bellevue, kwenye nyumba kubwa ya zamani iliyokatwa vyumba vyumba. Kutoka kwetu ni mwendo wa miguu. Mwaka mzima sikwenda hata mara moja.

Sasa matanga. Kwetu mwaka ukitimia, ukoo unakaa pamoja, wanaomba, wanakula chakula kimoja, ndipo maombolezo yanakwisha. Asiyekaa siku hiyo ni kama amejitoa, au ametolewa. Baba alikuwa na ndugu mmoja tu nchi hii nzima, ni huyo dada yake. Wiki ile ya matanga aliuliza, "Dada yangu atakaa wapi?"

Mama alikuwa anachambua majani ya muhogo. Hakuinua kichwa. "Akikaa yeye, mimi natoka."

"Radi ni ya Mungu, mama watoto. Mimi naiona kazini kila wiki. Inapiga mlingoti wa simu usiku kucha. Mlingoti nao umemkosea nani?"

Baba ni mlinzi wa ghala, anaona mengi kutoka kwenye kibanda chake.

"Mlingoti una chuma cha kuiita," mama alisema. "Nionyeshe inapiga mahali pasipo na chuma, pasipo na nyumba, pasipo na mtu. Inapiga bure tu. Nikiona kwa macho yangu, huyo dada yako aje akae."

Nadhani mama alisema hivyo kumnyamazisha. Lakini baba alilishika neno lile kama mtu aliyepewa tarehe ya mahakama.

Ndiyo maana Jumamosi saa sita mchana tulikuwa watatu tumebanana mbele kwenye pikapu ya jirani yetu, mtu wa Tanga anayeuza vipuri vya magari vilivyotumika. Baba dirishani, mimi katikati, simu ya kaka mapajani. Tulichukua simu hiyo kwa sababu kamera yake ilikuwa nzuri kuliko zote za nyumbani, na mimi ndiye nilikuwa najua namna ya kuifungua: unachora herufi ya kwanza ya jina lake kwa kidole. Kila nikiichora nilikuwa naona haya, kama nimeingia chumbani bila kupiga hodi.

"Mkongo," mtu wa Tanga alisema kwenye robot, taa za barabarani, ya mwisho kabla ya barabara kuu, "watu wote waikimbia radi. Wewe waifuata. Tena na gari langu."

"Petroli nimeweka mimi, mukubwa."

"Petroli umeweka. Na roho yangu nayo umeijazia tangi?"

Baba akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka muda mrefu.

"Binti, baba yako mzima huyu?"

"Mzima," nikasema, kwa sauti yangu ya darasani, ambayo haifiki mbali.

"Haya. Tukipigwa huko, wewe ndiye utakayebaki kueleza." Kisha akakumbuka. Nilimwona anakumbuka, mkono ulitoka kwenye usukani ukaenda mdomoni. "Astaghfirullah. Mwanangu, nisamehe. Ndugu yangu, nisamehe. Ulimi huu."

"Hakuna neno," baba alisema. Akageukia dirishani. Tulikwenda hivyo mpaka nyumba zikaisha.

Sikuwa nimewahi kuona uwanda ule. Mtu anaweza kukaa Johannesburg miaka kumi asijue kwamba mji umekaa juu ya meza. Ukishatoka tu, ardhi inalala, haina kilima wala mto wa kuonekana, mahindi pande zote mbili, waya wa uzio, nguzo za umeme zinatembea mpaka zinakuwa ndogo kama kiberiti. Mbali sana, minara ya kituo cha umeme inatoa moshi mweupe. Anga lilikuwa kubwa mno. Nilitaka kuinama chini ya dashibodi. Nilifikiri: hapa mtu akisimama, yeye ndiye kitu kirefu kuliko vyote.

Mbele yetu, upande wa Delmas, wingu lilikuwa limesimama. Chini jeusi, juu jeupe, linajipandisha kama povu la sabuni kwenye beseni. Baba alilinyooshea kidole. "Hilo. Hilo."

Tukalifuata karibu saa nzima. Kila tukikaribia lilionekana liko pale pale. Halafu polepole, bila kufanya chochote, likaanza kuraruka kwa juu. Upepo wa juu ulilivuta likawa refu, kisha jembamba, kisha likawa ukungu tu ambao jua lilipita katikati yake. Mtu wa Tanga akapunguza mwendo.

"Limekwisha," akasema.

"Kuna lingine kusini."

"Mkongo, mawingu si basi, ukikosa hili upande lile."

"Kuna lingine, mukubwa. Tafadhali."

Neno tafadhali baba alilisema kama mtu mgonjwa. Mtu wa Tanga akapinda kusini, tukaingia barabara ya vumbi.

Njiani baba aliniuliza. Hakunitazama, aliuliza macho yakiwa kwenye wingu. "Wewe siku ile ulikuwa jikoni. Dada yangu alisema namna gani? Sauti yake ilikuwaje?"

Gari lilikuwa linaruka kwenye mashimo. Ningeweza kusema pale. Hakukuwa na chumba kilichojaa, hakukuwa na mama wa maombi, kulikuwa na baba na jirani na vumbi. Nikasema, "Sikumbuki."

"Hukumbuki."

"Ni zamani, papa."

"Ndiyo," akasema. "Ni zamani."

Tulisimama penye uzio, shamba la mahindi mbele yetu, na nyuma yake mbuga tupu ya majani makavu isiyokuwa na mti. Mahindi yalikuwa yamekunja majani kwa kiu. Wingu la pili lilikuwa juu ya mbuga hiyo, zito, lina tumbo la kijani kidogo. Baba alipanda nyuma ya gari, akasimama kwenye bodi, akaniomba simu. Nikamfungulia, nikamwekea video. Aliielekeza kule pasipo na kitu.

"Shuka huko juu!" mtu wa Tanga alipiga kelele kutoka ndani. "Mlingoti sasa ni wewe!"

Baba hakushuka. Mimi nilikaa kwenye ubao wa nyuma, karibu na miguu yake, kwa sababu niliona aibu kukaa ndani na yeye yuko nje. Nikangoja. Kulikuwa na ukimya ambao sijausikia tena. Hata panzi waliacha. Nilianza kuhisi kwamba kaka yuko pale, si kama mzimu wa hadithi. Ilikuwa kama vile mtu anaposimama nyuma yako kwenye foleni na hujageuka. Nilijua kwamba nikigeuka nitaona uzio tu. Sikugeuka. Nilihesabu matundu ya kamba ya kiatu cha baba.

Ndipo nikamsikia baba. Alikuwa anasema kwa sauti ya chini, kama anavyombembeleza mtoto ale.

"Piga," alisema. "Piga basi. Piga hapo, hakuna mtu. Piga."

Nikainua uso. Mkono wake ulioshika simu ulikuwa hautikisiki. Baba yangu alikuwa anamwomba aliyemuulia mtoto. Hadi leo nikisikia sauti ile sijui niiite nini.

Lori dogo jeupe lilikuja na vumbi lake likasimama. Mzungu mzee, kaptura, soksi ndefu. Alimtazama baba juu ya gari, akanitazama mimi, akauliza kwa Kiingereza tunatafuta nini kwenye uzio wake. Mtu wa Tanga alitoka haraka, mikono ikionekana, akitabasamu tabasamu lake la kuuzia vipuri.

"Tunaangalia mvua, bosi."

"Mvua?" Mzee alivua kofia akalitazama wingu, kisha mahindi yake. "Mimi naiangalia tangu Krismasi. Hilo halitanyesha. Yote yanapita yanakwenda mjini." Akavaa kofia. "Mwambie ashuke, ataanguka." Akaondoka.

Alikuwa amesema kweli. Ulikuja upepo wenye harufu ya vumbi lililolowa, matone machache makubwa yakapiga paa la gari, moja likaniangukia shingoni. Ndani ya wingu kulimulika mara mbili, mwanga hafifu wa zambarau, kama mtu anawasha na kuzima taa chumba cha pili. Hakuna kilichoshuka. Hata ngurumo haikutufikia. Kisha wingu lote likateleza kuelekea magharibi na mbuga ikabaki na jua.

Baba alizima kamera. Dakika arobaini na moja.

Tuliporudi tuliliona wingu letu. Lilikuwa juu ya Johannesburg, jeusi kama sufuria, na radi zilikuwa zinashuka, si moja, nne, tano, nyeupe kabisa, juu ya majengo. Mtu wa Tanga alisimamisha gari kando ya barabara kuu bila kuombwa.

"Hizo hapo! Piga picha, ndugu yangu, haraka!"

Nilikuwa nimeshachora herufi. Nilimpa baba simu. Aliishika mapajani, hakuiinua.

"Kule kuna watu," alisema. "Haifai kitu."

Tulikaa pale tukitazama mji wetu unapigwa. Kisha mtu wa Tanga akawasha gari.

Tulifika Bertrams saa kumi na mbili, bado mwanga upo. Uani barafu ya mvua ya mawe ilikuwa haijayeyuka, imekusanyika chini ya kamba ya kuanikia. Mama alikuwa amekaa kitandani. Kioo cha kabati alikuwa amekifunika kwa kitenge, kama anavyofanya kila mvua ya radi. Sijui alikaa hivyo muda gani. Viatu vyake alikuwa amevivaa, na mkoba begani, kama mtu anayetaka kukimbia na hajui aende wapi.

"Mmeniacha peke yangu nayo," alisema.

Mwaka mzima hakuwahi kuachwa peke yake wakati wa radi. Hata mimi sikuwa nimelifikiria hilo. Tulikuwa tunamtafutia ushahidi na hatukumfikiria yeye.

Baba alikaa karibu yake. Alikuwa na haraka ya kusema kabla hajakata tamaa. "Haikupiga. Lakini ilimulika, mama watoto, tazama, huko pasipo na mtu kabisa. Ilimulika mara mbili."

Akanipa simu nimfungulie. Ile video ilikuwa imejipanga pembeni ya picha ya mwisho ya kaka, ile aliyojipiga mdomo umejaa mkate. Mama aliiona. Alipitisha kidole juu yake bila kuigusa. Kisha video ikaanza.

Aliitazama kwa uangalifu, namshukuru kwa hilo. Hakugeuza uso. Mawingu, mawingu, ncha za mahindi. Baba akasogeza mbele mpaka pale inapomulika. Mama akasema, "Mbona haina sauti?" akabonyeza pembeni mwa simu. Sauti ikajaa chumbani.

*Piga. Piga basi. Piga hapo.*

Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amefikiri kwamba simu inasikia.

Mama aliiweka simu kitandani kama kitu cha moto. Alisogea mpaka mgongo ukafika ukutani. "Unaiita," alisema. "Baba watoto. Wewe pia unaiita."

"Hapana. Sikiliza..."

"Nimesikia! Kwa masikio yangu! Unaita huko, inapiga huku, juu ya kichwa changu! Kumbe ni ya kwenu. Kumbe mko wote nayo."

Na hapo nikaona kwamba kesho hatakuwa shangazi peke yake wa kukosa mahali pa kukaa, hata baba.

Nikasema. Nilisema haraka na vibaya, nikianzia mwisho. Kwamba kitana kilianguka kwenye sinki. Kwamba kaka alijibu inipige polepole. Kwamba walicheka wote, na kaka akabeba mfuko, na mimi niliacha hayo yote siku ile kwa sababu watu walikuwa wananitazama. "Ulikuwa mchezo, maman. Ni mimi. Mimi ndiye niliyeyaharibu."

Nilidhani mama atanipiga, na ningefurahi.

"Umekaa na baba yako ndani ya gari tangu saa sita," alisema. "Amekufundisha vizuri."

"Hajanifundisha. Wallahi hajui."

"Wallahi umeanza lini? Ni yule wa Tanga naye amekufundisha?"

Hakunisadiki. Ukweli nilikuwa nimeuweka mwaka mzima, na siku niliyoutoa ilikuwa siku pekee ambayo ulifanana na uongo.

Lakini baba alinisadiki. Alikuwa ameinuka, amesimama penye kile kioo kilichofunikwa. Hakupaza sauti. "Nilikuuliza," alisema. "Barabarani nilikuuliza. Ukaniambia hukumbuki."

Akatoka uani. Nilimsikia anatembea juu ya barafu, inavunjika chini ya viatu.

Jumapili watu wa kwetu walikuja asubuhi, na mikeka na masufuria. Mama wa maombi alikuja. Mtu wa Tanga alikuja pia, akakaa nje na kikombe cha chai kwa heshima. Baba alimwomba funguo za gari, akaondoka bila kumwambia mtu. Aliporudi aliegesha upande wa pili wa barabara, na shangazi alikuwa ndani.

Hakushuka. Alikuwa amevaa kitenge kile kile cha mazishi. Baba aliinama dirishani wakasemezana, kisha baba akaja peke yake akakaa kwenye mkeka, akisali na wengine macho yakiwa barabarani. Watu walijua. Waliimba kwa sauti kubwa zaidi, kama watu wanaojaribu kutotazama kitu. Mama alikuwa jikoni, na dirisha la jikoni linatazama barabarani.

Maombi yalipokwisha wakaanza kupakua. Mama aliniita. Alikuwa ameshika sahani yenye ugali wa fufu, sombe ya majani ya muhogo na kipande cha samaki, kipande cha katikati kisicho na miiba mingi. Alikuwa amekifunika kwa sahani nyingine.

"Mpelekee yule aliye ndani ya gari," alisema. Hakusema wifi yangu. Hakusema jina.

"Nimwambie nini?"

"Umwambie kula."

Nilivuka barabara. Nilijua watu wote uani wananitazama, na safari hii sikutaka kutazamwa hata kidogo. Shangazi alishusha kioo. Alikuwa amekonda. Karibu na masikio kulikuwa na mvi ambazo sizijui.

"Umekuwa mrefu," alisema.

"Shangazi, ni mimi niliyesema. Siku ile ya maombi."

"Najua. Jikoni tulikuwa watatu, mmoja akafa. Na mimi sikujisema." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma kibao cha mtaa. "Hiyo nini?"

"Chakula. Mama amesema ule."

Alifunua sahani. Mvuke ulitoka. Aliinusa sombe, na nikaona macho yake yanakwenda kwenye dirisha la jikoni, yanarudi kwenye sahani, yanakwenda tena. Mama alikuwa amesimama pale. Wote wawili walikuwa wanatazamana kupitia mimi.

"Ameonja?" shangazi aliuliza.

Kwetu anayempa mtu chakula huonja kwanza mbele yake. Ndugu hawaulizani hilo. Unaulizwa pale tu ambapo mtu anaogopa kufa kwa mkono wako. Sikujua kama mama ameonja. Nilikuwa sijui chochote kilichomo ndani ya sahani ile, wala ndani ya mama yangu, na kwa muda mfupi sana, ninaandika kwa aibu, na mimi niliogopa.

Nikaweka sahani kwenye ukingo wa dirisha la gari. Nikamega fufu, nikachovya kwenye sombe, nikatafuna taratibu ili aone. Nikamega na samaki. Nikameza.

Shangazi alingoja kidogo, akinitazama koo. Kisha akafungua mlango, akatoa mguu mmoja nje ili akae vizuri, akaanza kula.